Kibaba cha Mtoto wa Tabora

Januari ikikaribia, watu wenye moyo mwema huanza kuulizana: ada ya mtoto mmoja ni kiasi gani? Wengine wapo Dar es Salaam, wengine Ulaya na Marekani, na nia yao siitilii shaka. Ninachokitilia shaka ni swali lenyewe. Kwa mtoto wa sekondari ya serikali, ada ya elimu ya msingi ilikwishaondolewa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, na mwaka 2022 msamaha huo ukafikishwa kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo mtoto wa fukara wa Sikonge au Kaliua bado anaacha shule. Basi kinachomtoa darasani si ada.

Kinachomtoa ni sare, viatu na madaftari. Ni mchango wa chakula cha mchana ambao mzazi hana. Zaidi ya yote ni umbali. Katika mkoa wenye misitu mipana ya miombo na vijiji vilivyotawanyika, shule ya kata inaweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na pasipo hosteli mwanafunzi hupangishwa chumba mtaani ajipikie na kujilinda mwenyewe. Msichana wa miaka kumi na minne akiishi peke yake katika chumba cha kupanga, sihitaji kumweleza msomaji hatari inayomzunguka. Halafu kuna tumbaku. Mashamba ya Urambo na jirani zake yanahitaji mikono mingi wakati wa kuchuma na kujaza mabani ya kukaushia, na mikono ya mtoto ndiyo rahisi kuliko yote. Ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka haijakusudiwa kushindana na hayo, na haiwezi.

Wazee wa Unyanyembe wangeshangaa kutuona tukihangaika na jambo walilolijua vyema. Karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba frasila mbili za pembe au nguo kutoka Tabora hadi Bagamoyo hakuondoka bila kwanza kupatana kuhusu posho. Kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kununulia chakula njiani: bila hayo mzigo ulibaki chini. Kiongozi wa msafara aliyepunguza posho aliamka asubuhi akakuta wapagazi wametoroka usiku. Leo tunampeleka mtoto mwendo mrefu kila siku na tumbo tupu, na anapotoroka tunaandika katika daftari la mahudhurio neno moja tu: mtoro.

Lakini ufadhili una upande mwingine, mzito zaidi, na eneo hilihili lina mfano wake. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa, kisha akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadre Weupe. Walimsomesha, wakampeleka Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 baadaye. Sijui ufadhili gani katika historia ya nchi yetu uliozaa matunda marefu kuliko huo. Wala sitaki kuupunguzia heshima. Ila tutambue pia kwamba waliolipa ndio waliochagua: nini asome, na awatumikie nani. Mtoto aliyenunuliwa sokoni angewezaje kuwaambia hapana?

Swali hilo halijafa. Mtoto anayefadhiliwa leo hupigwa picha, huandikiwa historia ya umaskini wake kwa maneno ya kuhuzunisha, na kila muhula hutakiwa kuandika barua ya shukrani. Akifika kidato cha nne amejifunza kwamba machozi yake yana soko. Mara nyingi pia huchukuliwa kutoka kijijini kwao akapelekwa shule ya bweni ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu awali, ghali mno, na mfadhili akiugua, akistaafu au akibadili mawazo, mtoto hurudishwa katikati ya mwaka. Shule ya kata anaiona aibu, ile ya zamani haimpokei bila ada. Huyo ameumizwa mara mbili, na mara ya pili na mkono wa hisani.

Nitaambiwa kwamba mfadhili anataka kumwona mtu, hataki kuchangia gunia la mahindi. Naelewa, sura ya mtoto hufungua mfuko haraka kuliko orodha ya mahitaji ya jiko. Nitaambiwa pia kwamba fedha za pamoja huliwa. Hilo ni kweli mahali pengi, ndiyo maana hesabu zibandikwe ubaoni shuleni, wazazi wazisome, na bodi ya shule iulizwe. Lakini fedha zinazomsomesha mtoto mmoja katika shule ya kulipia zaweza kuwapa watoto wengi wa kata moja uji na makande ya mchana, au kusaidia kujenga hosteli ya wasichana itakayobaki hata mfadhili akiondoka. Serikali nayo isipumzike kwa sababu ya wema wa watu: hosteli za shule za kata ni deni lake, na mbunge wa jimbo adaiwe kwa sauti.

Kwa yule anayetaka bado kumshika mtoto mmoja mkono, sina ugomvi naye. Amwombe mkuu wa shule amweleze mtoto analala wapi na anakula nini mchana. Amuulize mtoto mwenyewe angependa kusomea nini. Na kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, aweke kando fedha ya kumfikisha mwisho wa kidato cha nne, kwa jina la mtoto, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuirudisha.