Mwalimu Naye Ajihesabu



Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, kila mwaka katika jarida letu tunawausia wanafunzi wahudhurie, wajitahidi na wahifadhi. Ni nasaha njema. Leo napenda tumtazame na yule anayeshika chaki. Mtoto akikwama ukurasa mmoja wa juzuu kwa miezi mitatu, je, ni yeye peke yake aliyeshindwa? Mara nyingi husemwa, "Huyu mzito." Kisha hupigwa fimbo, kisha huacha chuo. Hapo tumempoteza mtoto, na sababu ya kukwama kwake hatukuijua.

Wataalamu wa elimu wana njia waiitayo utafiti tendaji. Jina ni kubwa, lakini kazi yenyewe haina mafumbo. Mwalimu huchagua tatizo moja la darasa lake, hulichunguza, hubadilisha jambo moja katika ufundishaji wake, huandika anayoyaona, kisha hupima kama kuna nafuu. Nafuu ikipatikana, hushikamana na njia hiyo. Isipopatikana, hujaribu nyingine. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, aliieleza njia hii katika makala yake ya mwaka 1946. Mwaka 1975 Lawrence Stenhouse wa Uingereza alisisitiza kuwa walimu wenyewe wawe watafiti wa madarasa yao.

Afrika Mashariki jambo hili si geni. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha taasisi yake ya elimu hapa Dar es Salaam mwaka 2006, na walimu waliosoma hapo wamefanya utafiti wa aina hii katika shule zetu. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980 kule Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya madrasa za awali, iliyofika Zanzibar na Uganda katika miaka ya 1990. Walimu wengi walikuwa akina mama wa mitaa ile ile. Mkufunzi aliingia darasani, akatazama, kisha akakaa na mwalimu wakazungumza namna ya kutengeneza.

Na sisi Waislamu tunayo muhasaba, yaani mtu kujihesabu nafsi yake kabla ya kuhesabiwa. Tunajihesabu katika swala na katika mali. Kwa nini tusijihesabu katika ufundishaji, ambao nao ni amana? Tukumbuke kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim, cha mtu aliyeswali vibaya mbele ya Mtume (s.a.w.). Mtume alimtazama, akamrudisha mara tatu aswali tena, na alipokiri kuwa hajui vizuri zaidi ya vile, akamfundisha hatua kwa hatua. Hakumpiga wala hakumwita mzito.

Tuchukue mfano wa mtaani kwetu Kariakoo. Ustadhi anaona watoto kadhaa wanachanganya sini na swadi. Kabla ya kushika fimbo, anashika daftari. Anaandika ni nani hao, wanakaa wapi na wanakosea saa ngapi. Huenda akagundua kuwa wengi wao wanakaa dirishani, zinakoingia honi, vipaza sauti vya wauza nguo na kelele za mikokoteni. Basi anageuza mikeka, watoto wakae mbali na barabara, na kwa wiki tatu anamsikiliza kila mmoja siku ya Alhamisi na kuandika makosa yake. Makosa yakipungua, sababu imejulikana. Yasipopungua, atafute kwingine. Pengine mtoto anatoka shule, anapitia kwenye meza ya biashara ya mama yake kusaidia, na anafika chuoni macho yamejaa usingizi. Hilo litamalizwa kwa kuzungumza na mzazi.

Wapo watakaosema kuwa dini haifanyiwi majaribio. Ni kweli, Qur'an haibadiliki hata herufi moja. Kinachojaribiwa ni mpangilio wa darasa, saa za masomo na namna ya kusahihisha, na hayo yote ni kazi ya mikono yetu. Wengine watasema ustadhi hana muda. Nami nasema, achague tatizo moja tu kwa muhula, kwa daftari moja. Muda unaopotea kwa kurudia kosa lile lile mwaka mzima ni mwingi zaidi.

Kazi hii ina adabu zake. Yaliyoandikwa juu ya mtoto yasisomwe hadharani wala kufanywa mzaha. Wanafunzi, ustadhi akiwauliza ni wapi hamuelewi, mwambieni ukweli, kwani kuuliza si utovu wa adabu. Wazazi, mkiulizwa habari za nyumbani msidhani mnalaumiwa.

Ombi langu kwa uongozi wa madrasa yetu ni kwamba muhula ujao kila darasa liwe na daftari hilo, na walimu wakutane mara moja kwa mwezi kuelezana walichojaribu na kilichotokea, hata kile kilichoshindikana. Mtoto anayeitwa mzito leo, huenda ni mtoto ambaye hajatafutiwa njia yake.

Allah (s.w.) atupe ikhlasi katika kufundisha na kujifunza. Amin.

Wabillahi tawfiq.