Kampuni zikiingia katika kazi ya wote, tuangalie jina na kura

Wenzangu wachimbaji, etiketi munaijua vizuri. Mufuko wa kasiterite unafungwa etiketi yenyi namba, ili mununuzi ajue madini yalitoka kariyeri gani. Lakini etiketi ile haimupe muchimbaji nguvu juu ya bei. Kuandikwa ni jambo moja, kuamua ni jambo ingine.

Mabishano sawa na hayo yako kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanza Uingereza mwaka 2004. Ramani ile, pamoja na programu zinazoiendesha, ni mali ya wote: kila mutu anaweza kuitumia na kuisahihisha bila kulipa. Wanaojitolea ndio wanachora njia, mito na vijiji. Mwaka 2014 MSF na Musalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, pamoja na wachoraji wa HOT, walianzisha Missing Maps, juu ya vijiji ambavyo havikuonekana kwenye karte yoyote. Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri mwaka 2018, kazi ya wachoraji ilisaidia watu wa afya kujua watu wanakaa wapi. Siye wa Lubutu, tunaokaa kwenye barabara ya Kisangani na Bukavu, tunaelewa maana ya kijiji kujulikana mbele ya ugonjwa kufika.

Leo kampuni kubwa ziko ndani pia. Meta, Microsoft, Amazon na Apple zinatumia ramani ile, na zinalipa wafanyakazi waichore. Hiyo si mubaya: barabara mingi zimeongezeka. Lakini wenyi kazi waliweka masharti. Tangu 2012 leseni yao inadai kila anayeonyesha ramani ataje kama imetoka kwa wachoraji wa OpenStreetMap. Tangu 2018 kampuni inayotuma watu kuchora inaombwa iseme wazi ni watu gani na wanafanya nini.

Shida ikatokea upande wa kura. Mwezi wa 11 mwaka 2018, karibu mwezi moja mbele ya uchaguzi wa viongozi, wafanyakazi kama 100 wa GlobalLogic huko India waliandikishwa kwa mara moja kuwa memba wa fondasyo ya ramani. Fondasyo ilifanya uchunguzi na kutangaza ripoti. Kisha, Desemba 2022, Meta, Microsoft, Amazon na TomTom wakaunda fondasyo yao, Overture. Inachukua pia kazi ya OpenStreetMap, lakini kule kampuni memba ndizo zinaongoza.

Hapo ndipo inatuhusu. Sheria ya madini ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inataka muchimbaji wa mukono awe ndani ya koperative. Basi muulize mambo matatu. Daftari ya memba inafungwa siku ngapi mbele ya kura? Anayepiga kura amefanya kazi kwenye shimo, ao ameletwa paka kwa uchaguzi? Na nani kati ya viongozi analipwa na mununuzi? Mambo hayo yaandikwe kwenye statuti, yasomwe kwa sauti mbele ya memba wote, wamama wanaosafisha madini wakiwa ndani. Kama tunangojea siku ya kura ndipo tuulize, watakuwa wamekwisha kuandikwa.