Gari la Waya Si Ushahidi wa Umaskini

Mzazi wa Same akimwona mwanawe anasukuma gari la waya, mara nyingi kinachomjia kwanza ni aibu. Ataahidi kumnunulia la dukani siku ya mnada, jirani asije akadhani nyumba imekwama. Na watu wazima waliokulia Mbaga, Suji, Gonja au Kisiwani, ambao leo wakikutana msibani au harusini hukumbushana magari hayo kwa mapenzi makubwa, humaliza simulizi kwa maneno yaleyale: tulikuwa maskini, tukacheza na tulichokuwa nacho. Imani kwamba gari la waya ni zao la dhiki imeenea mno, hata hakuna anayeihoji. Naipinga kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu inatufanya tutupe mlangoni kitu tunachokwenda kukitafuta mbali kwa gharama kubwa.

Tuanze na kazi yenyewe. Mtoto anatafuta waya, wa uzio au ule wa kufungia nondo uliobaki kwenye ujenzi. Anaunyoosha kwa kuugonga juu ya jiwe. Anakunja chesisi, anasimamisha kichwa cha gari, anakaza maungio kwa waya mwembamba au kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Magurudumu anayakata kwenye soli ya ndala iliyochakaa na kuyatoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Asiye na ndala anatumia vifuniko vya makopo. Huko tambarare kwenye mkonge, kama Ndungu, au Kisangara upande wa Mwanga, kuna malighafi nyingine: ule mlingoti mrefu unaobeba maua ya mkonge, ambao ukikauka huwa mwepesi na hukatika kwa kisu bila taabu. Huo unachongwa bodi la basi, na vipande vyake vya mviringo vinakuwa matairi.

Kisha inakuja sehemu ngumu. Gari lazima likate kona. Ekseli ya mbele inatakiwa izunguke kwenye kiungo chake bila kuchomoka, na kutoka hapo upande waya mrefu hadi usawa wa kifua, wenye usukani wa duara juu yake. Mtoto anatembea nyuma ya gari lake, anazungusha usukani, na magurudumu ya mbele yanatii. Kiungo kikilegea, gari linakwenda upande; kikikazwa mno, haligeuki. Hakuna aliyempa mchoro. Anajaribu, anafungua, anafunga upya. Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakafunga ekseli kwa mpira wa tyubu ili gari linese likipita kwenye mawe, au wakaunda tipa linaloinua bodi na kumwaga mchanga.

Umaskini unaweza kueleza kwa nini mtoto alitumia waya. Hauwezi kueleza kwa nini aliweka usukani. Aliyetaka kitu cha kusukuma tu alichukua ringi ya baiskeli na kijiti, akakimbia nayo. Ni mchezo mzuri na wengi wetu tuliupenda. Lakini aliyekaa mchana kutwa chini ya mwembe akikunja na kukunjua mpaka magurudumu yakate kona alikuwa na swali la kiufundi kichwani, na hakutulia hadi alipolijibu. Dhiki ilimchagulia malighafi. Swali lilikuwa lake mwenyewe.

Na swali hilo alilipata barabarani. Same ni mji wa njia kuu. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Arusha inapita hapo, na reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inapita hapo pia. Makanya malori yanapakia jasi ya viwanda vya saruji. Mamba Miamba magari yanashusha tangawizi kwa njia za kona kali zilizochimbwa kwenye ubavu wa mlima. Mtoto wa huku anakua akiyatazama magari yakilemewa na mzigo, yakipoa, yakifunguliwa injini, yakibadilishwa matairi. Kabla hajajua kusoma vizuri anatofautisha Scania lenye pua na lori la uso bapa, anajua Landrova ya milimani inavyokaa juu, anajua Fuso inavyofungwa bodi la mbao. Anapounda gari lake anakumbuka hayo yote na kuyapima kwa jicho. Ukiyaweka pamoja magari ya waya ya kizazi kimoja, utapata historia ya usafiri wa Upareni iliyoandikwa na watoto.

Sisi Wapare tunayo sababu ya ziada ya kuikataa imani hii. Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, alieleza jinsi ukoo wa Washana, wafua chuma wa Ugweno, ulivyoshika utawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Utawala ulihama, lakini ufundi ulibaki na Washana, na chuma cha Ugweno kiliendelea kutafutwa na majirani, Wachaga wakiwemo. Hakuna anayesema Washana walifua chuma kwa sababu walikosa fedha za kununua majembe. Tunawaita mafundi, tena kwa fahari. Iweje basi mtoto wa milima hiyohiyo akikunja chuma kwa akili yake tumwite maskini?

Wenzetu wa nje hawaoni haya kuhusu magari ya utoto wao. Mwaka 1953 huko Uingereza kampuni ya Lesney ilianza kuuza magari madogo ya Matchbox. Chanzo chake ni mhandisi Jack Odell, ambaye shule ya binti yake iliruhusu watoto waje tu na vitu vya kuchezea vinavyoenea ndani ya kiberiti. Odell akamtengenezea binti huyo rola dogo la kushindilia barabara, likaenea, na wanafunzi wenzake wakalitaka. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya Marekani ikaleta Hot Wheels, ikianza na magari 16. Lesney ilifilisika mwaka 1982, na tangu 1997 majina yote mawili yako mikononi mwa Mattel. Leo watu wenye mvi na familia zao wanayasaka magari hayo upya, wanakutana kwenye makongamano, wanabadilishana, wanayatunza kwenye makabati ya vioo. Kigari kimoja cha Hot Wheels cha mwaka 1969, Volkswagen ya rangi ya waridi ambayo haikufika madukani, kinathaminiwa kwa zaidi ya dola 100,000. Hakuna anayewaambia watu hao kwamba wanakumbuka dhiki.

Tazama vizuri mwanzo wa hadithi hiyo. Biashara inayoenziwa na dunia nzima ilianza na gari moja lililotengenezwa kwa mkono kwa ajili ya mtoto mmoja. Kule mtengenezaji alikuwa mhandisi mwenye karakana. Huku alikuwa mtoto mwenyewe, na karakana yake ilikuwa kivuli cha mti. Kama lile la Odell ni ubunifu, hili la kwetu haliwezi kuwa kasoro.

Hata hivyo, tusiige kila kitu. Thamani ya gari la mkusanyaji wa Ulaya hupanda likiwa halijaguswa, limo ndani ya boksi lake. Gari la waya liliundwa ili litumike, likatumika hadi likaisha. Ekseli yake ikang'olewa kuwa ekseli ya gari jingine. Ndiyo maana hatuna gari la mwaka 1975 la kuweka kabatini. Tulichonacho ni ujuzi wa kuliunda, na uko kwenye mikono ya watu waliovuka miaka hamsini, ambao wengi wao hawajashika koleo kwa ajili ya mchezo tangu walipomaliza darasa la saba. Ufufuo wa kwetu lazima uwe wa kutengeneza. Anayetaka kuwa mkusanyaji Upareni akusanye namna za kufunga usukani, ajue ya Vudee inatofautianaje na ya Kihurio, aandike jina la fundi na mwaka.

Na mashabiki wapo tayari. Ushabiki wa mabasi nchini ni mkubwa kuliko viongozi wetu wa utamaduni wanavyodhani. Vijana wanalitambua basi kwa mlio wa injini kabla halijachomoza kwenye kona. Wanaingia kwenye mchezo wa simu uliotengenezwa Indonesia, Bus Simulator Indonesia, na kuyavisha mabasi yake rangi za kampuni za Tanzania. Wengine wanachonga mabasi ya mfano kwa maboksi na mbao nyepesi, wanayawekea viti, vioo na taa zinazowaka. Hao ndio warithi halali wa gari la waya. Tunawakosea tunapowaambia wamekataa kukua.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito. Waya huchoma, na barabara kuu inaua. Kweli, kwa hiyo tuwafundishe watoto kukunja ncha, na tuwape uwanja mbali na lami. Kisu cha jikoni nacho hukata, na bado tunamfundisha mtoto kumenya ndizi. Hoja nyingine ni kwamba tunapamba maisha magumu. Siyapambi. Sitaki mtoto yeyote wa Same aende shule pekupeku, na sina haja ya kuirudisha siku iliyopita. Nakataa tu ujuzi kuhesabiwa kama njaa kwa sababu viliishi nyumba moja. Tatu, gari la waya liliachiwa wavulana, na dada zao wakabaki kutazama huku wakibeba ndoo za maji. Hiyo ni dosari ya kweli, na dawa yake ni kuwapa wasichana koleo.

Gari la plastiki la dukani lina raha yake, na simzuii mzazi kulinunua. Lakini tuseme wazi linachofundisha. Likivunjika halifunguki, na likifunguka halifungiki tena. Mtoto anajifunza kwamba kitu kibovu kinatupwa na kipya kinatoka kwa mwenye fedha. La waya linamfundisha kwamba kitu kibovu kina sababu, na sababu hiyo inaweza kuonwa kwa macho na kurekebishwa kwa mikono yake.

Hapa ndipo imani yetu inapotugharimu. Tangu mwaka 2024 nchi inatekeleza mitaala mipya, na sekondari zimewekewa mkondo wa amali ili kijana atoke shuleni akijua kufanya kazi. Ni uamuzi mzuri. Lakini unahitaji karakana, zana na walimu, na vyote hivyo ni ghali na havitoshi. Wakati huohuo, mtoto wa darasa la nne anayejua kwa vitendo ekseli ni nini, msuguano unazuiaje gurudumu, na kwa nini gari lenye kichwa kizito hupinduka, tunamnyang'anya gari lake tunaliita takataka. Tunangoja afike kidato cha kwanza ndipo tumfundishe upya alichokuwa anakijua.

Shule za msingi za Same na Mwanga zinaweza kuanza muhula ujao bila mfadhili. Kila mtoto, mvulana na msichana, aunde gari linalokata kona, kisha asimame mbele ya wenzake aeleze linavyofanya kazi. Mashindano yafanyike kwa kata, na waamuzi wawe mafundi gereji, madereva na wazee wa kijiji. Walimu wa kazi hiyo wako kila kitongoji na hawadai mshahara. Wanachosubiri ni kuombwa kwa heshima. Tukiendelea kuwaita watu waliochezea umaskini, watazikwa na kila wanachokijua, na wajukuu wao watalipa ada ya chuo kujifunza kukunja chuma.