TAMKO LA TAWI: MGONJWA WA FIGO ANAHITAJI ZAMU YETU, SI PICHA YAKE

Ndugu wanachama wa Tawi,

Wiki hii baadhi yenu mmetuandikia mkipendekeza Tawi lifanye harambee ya siku moja mtandaoni kwa ajili ya majirani zetu wanaougua figo. Mmependekeza tupige picha za wagonjwa wakiwa kitandani, tuzisambaze kwenye magrupu yote ya kata, tuweke namba ya simu ya kupokea michango, na jioni viongozi waende kukabidhi kilichopatikana. Tunawashukuru kwa moyo huo. Hata hivyo, sisi viongozi wa Tawi hatuiungi mkono njia hiyo. Tunaomba mtusome hadi mwisho, kwa sababu tunayo njia nyingine.

*Hesabu ya ugonjwa wenyewe*

Ugonjwa sugu wa figo huja polepole, na figo iliyokwisha kuharibika kwa namna hiyo hairudi kuwa nzima. Figo zikifika hatua ya mwisho, kwa kawaida mgonjwa hubaki na njia mbili kuu: kusafishwa damu, mara nyingi kwa mashine, au kupandikizwa figo nyingine. Kwa kawaida damu husafishwa mara 3 kwa wiki, na kila mara mgonjwa hukaa kwenye mashine takriban saa 4.

Mara 3 kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka. Kwenda na kurudi ni safari 312. Tuseme nauli ni shilingi 2,000 kwa safari moja. Hiyo ni shilingi 624,000 kwa mwaka, nauli peke yake. Mgonjwa akitoka kwenye mashine huwa amechoka, pengine presha imeshuka, kwa hiyo anahitaji msindikizaji. Wakiwa wawili ni shilingi 1,248,000. Kadi ya bima ya afya inaweza kulipia matibabu, lakini hailipi bodaboda, wala hailipi siku ya kazi aliyoipoteza mke, mume au mtoto anayemsindikiza.

Basi tujiulize: harambee ya siku moja inalipa siku ngapi katika hizo 156? Wiki ya kwanza simu ya mgonjwa inaita mpaka chaji inaisha. Mwezi wa tatu hakuna anayepiga, na mashine inamsubiri Jumatatu, Jumatano na Ijumaa vilevile. Deni la kila wiki halilipwi kwa kishindo cha mara moja. Linalipwa kidogo kidogo, bila kukosa.

*Tunachopendekeza*

1. *Zamu ya usindikizaji.* Kila Jumapili jioni tutume ratiba ya wiki. Mwenye bajaji, pikipiki au gari aseme siku anayoweza, na asiye na chombo aseme siku anayoweza kusindikiza. Kwenye ratiba mgonjwa aandikwe kwa namba tu, na anayepangwa zamu aelezwe faragha nani wa kumpitia na saa ngapi. Zamu hizi ndizo msaada mkubwa kuliko wote ambao simu zetu zinaweza kuleta.

2. *Mchango wa kila mwezi.* Wanachama 100 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka tunapata shilingi 1,200,000. Hiyo inapungua shilingi 48,000 tu kufikia nauli ya mgonjwa mmoja na msindikizaji wake kwa mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha ziingie kwenye akaunti yenye watia saini wawili, zisiingie kwenye simu ya mtu, hata ya Katibu. Malipo ya hospitali yalipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na hospitali yenyewe. Kila mwisho wa mwezi tutatuma mapato, matumizi na salio, na mwanachama yeyote aje ofisini kuona risiti.

3. *Siri ya mgonjwa.* Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Zaidi ya sheria, kuna utu. Picha ya mtu mwenye mipira shingoni ikishatoka haifutiki. Atapona homa zake, atarudi dukani kwake, na mteja atakuwa bado anayo kwenye simu. Kwa sababu hiyo tunatumia orodha hii ya matangazo badala ya grupu: ujumbe unamfikia kila mmoja peke yake, na hakuna anayeona namba ya mwenzake.

4. *Elimu iliyothibitishwa.* Ujumbe wowote wa afya upitie kwanza kwa mhudumu wa afya kabla hatujautuma. Mnazijua zile sauti zinazozunguka: "kunywa maji mengi usafishe figo", "dawa ya mizizi inayofufua figo kwa siku 7". Mgonjwa ambaye hapati tena mkojo wa kutosha hupewa kipimo cha maji kwa siku. Akizidisha, maji hujaa mwilini hadi kwenye mapafu. Hata madafu na ndizi tunazombebea kwa upendo zina potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda sana katika damu inaweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo kabla ya kwenda kumtazama, tuulize ameruhusiwa kula nini. Na anayetangaza mtandaoni kuuza au kununua figo ni wa kukimbiwa. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 linalaani biashara hiyo, na maskini ndiye huumia pande zote mbili.

*Hoja za wenzetu*

Wapo waliosema picha huleta fedha nyingi haraka. Ni kweli. Iko pia gharama moja kubwa inayofanana na harambee, nayo ni upandikizaji. Zamani tulizoea kusikia wagonjwa wakipelekwa India. Tangu Novemba 2017 Muhimbili wamepandikiza figo hapa nchini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Mgonjwa akifika hatua hiyo, na yeye mwenyewe, akiwa na akili timamu na bila kushinikizwa, akaomba tuitangaze habari yake, tutaitangaza kwa maneno aliyoyaridhia. Hata hapo tukumbuke kwamba aliyepandikizwa figo humeza dawa za kuilinda kwa muda wote anaoitumia. Zamu yetu haitaishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Wengine wamesema wazi kwamba picha za makabidhiano zitalijenga Tawi. Ndugu zetu, Tawi linajengwa na mtu anayefika saa 11 alfajiri na pikipiki yake, Jumatano ya mvua, pasipo kamera. Hatutakwenda na bendera, hatutavaa sare, na hatutamuuliza mgonjwa kadi ya chama. Mashine haichagui damu ya chama gani inaisafisha, nasi tusichague.

*Na sisi tulio wazima*

Kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikubwa vya ugonjwa huu, na mwanzoni figo haziumi. Mtu anaweza kutembea nao miaka bila kujua. Mwenye kimojawapo kati ya hivyo viwili aombe kituo cha afya kimpime protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu, asiache dawa zake kwa kuwa anajisikia vizuri, na asimeze dawa za maumivu kama diklofenaki kila siku bila ushauri. Tukiwahi, wengi hawatafika kwenye mashine.

*Maamuzi tunayowaomba*

Kabla ya Jumapili saa 12 jioni, kila mwanachama ajibu ujumbe huu kwa neno moja au zaidi: USAFIRI, KUSINDIKIZA, MCHANGO. Anayeumwa, au mwenye mgonjwa nyumbani, aandike SIMU. Atapigiwa na mmoja wetu tu, na jina lake halitasomwa kikaoni. Asiyeweza lolote kwa sasa asione aibu, ila asisambaze picha ya mgonjwa yeyote, hata akitumiwa na rafiki.

Majibu yenu ndiyo yatakayojaza ratiba ya kwanza. Tunaanza na siku 3 za wiki ijayo, kisha siku 3 za wiki inayofuata.



Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi