Kosa Si la Kamera

Imeota mizizi katika mji wetu wa Lubumbashi, tangu kati ya mji penye jumba la tamthilia hadi komini za Kenya, Katuba na Ruashi, itikadi ya kwamba kijana hawezi kujifunza sanaa ya filamu mpaka kwanza apate kamera ya thamani kubwa, na kwamba kile anachokitengeneza akiwa mwanafunzi, kwa chombo cha kuazima na wenzake wawili watatu, ni mchezo wa watoto usiostahili kutazamwa na watu wazima. Nimeisikia kwa wazazi na kwa walimu, na, jambo lililonihuzunisha zaidi, nimeisikia kwa vijana wenyewe, ambao ukiwauliza mbona mwaka umepita bila filamu hata moja, hukujibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, atuna na kamera ya muzuri." Mimi nasema itikadi hii ni batili, na madhara yake yanazidi madhara ya uhaba wa vyombo vyenyewe.

Hujja yangu ya kwanza iko kilomita thelathini hivi kutoka hapa, Kipushi, ambako mgodi wa shaba na zinki uliposimama mwaka 1993 wakazi waliachiwa udongo na maji yaliyochafuliwa na masalio yake. Kiripi Katembo, kijana mzaliwa wa Goma aliyesomea uchoraji Kinshasa, alikwenda huko akatengeneza filamu fupi juu ya maisha ya watu wale, si kwa kuwa alikwisha kuwa bingwa, bali kwa kuwa alikuwa angali mwanafunzi katika mafunzo yaliyosimamiwa na mtengenezaji filamu Djo Munga. Filamu hiyo, pamoja na nyingine tatu za mafunzo yale yale, ziliunganishwa kwa jina la Congo in Four Acts, zikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2010. Katika mbili za hizo tatu umo mkono wa Dieudo Hamadi, aliyekuwa amesomea utabibu Kisangani, na ambaye miaka kumi baadaye filamu yake juu ya majeruhi wa vita vya mji huo iliingia katika orodha rasmi ya Cannes. Katembo alifariki mwaka 2015, kabla ya kutimiza makamo, Mungu amrehemu. Lakini ushahidi wake juu ya Kipushi upo, na ni kazi ya mwanafunzi.

Naomba msomaji anifuate mezani, kwani hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Karibuni nilikaa na vijana wanne waliokuwa wakifanya montaji ya filamu yao ya dakika sita juu ya mama muuza vitumbua. Mama walikuwa wamempiga picha wakiwa upande mmoja wa meza yake, kisha, kwa kuwa upande wa pili palikuwa na kivuli, wakavuka wakampiga picha mteja kutoka huko. Na picha hizo mbili zilipofuatana, muuzaji na mnunuzi walionekana wanatazama upande mmoja, kana kwamba wote wawili wanasema na mtu wa tatu asiyeonekana. Kanuni ya kutouvuka mstari unaowaunganisha wasemaji wawili ilikuwamo katika madaftari yao, na mmoja wao alikuwa ameijibu vema katika mtihani, lakini hakuna aliyeijua hakika yake mpaka saa ile. Ikafuata sauti: jenereta la duka la jirani, ambalo siku ya kazi hakuna aliyelisikia kwa kuwa masikio yetu yamekwisha kulizoea, lilinguruma katika neno hili na kunyamaza katika neno lile. Tena uso wa mama, aliyekaa mbele ya ukuta wa chokaa, ulikuwa umezama gizani, kwani kamera ikiachiwa ijipimie nuru yenyewe huupima ukuta mweupe, na mtu mweusi aliye mbele yake humpoteza. Kamera ya bei mara kumi ingeyafanya makosa hayo hayo matatu. Kesho yake asubuhi walirudi, wakamwamkia mama, wakamwomba asogee mbali na ukuta, wakakaa upande mmoja, wakanasa dakika nzima ya mahali pale watu wote wakiwa kimya, ili iwe zulia la kutandika chini ya maneno. Hawatasahau.

Ataniambia mtu kwamba bila fedha hakuna filamu, na kwamba hata wale wa mwaka 2010 walisaidiwa kutoka nje. Ni kweli, wala siudharau umeme unaokatika kazi ikiwa nusu. Lakini tuseme kwa insafu: mwaka 2017 filamu iitwayo Makala, inayomfuata mchoma makaa akisukuma baiskeli yake iliyosheheni magunia kuelekea Kolwezi, ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Barabara ile ni yetu, na Kiswahili kinachosemwa humo ni chetu. Mtengenezaji wake, Emmanuel Gras, ni Mfaransa aliyeishika kamera kwa mikono yake mwenyewe. Baiskeli zile zilikuwa zikipita mbele ya macho yetu kila siku.

Wala njia hii ya kujifunza kwa kutenda si ngeni kwetu. Kundi la Mufwankolo, lililochekesha na kuonya mji huu kwa miaka mingi katika televisheni, halikungoja mchezo ulioandikwa: walikubaliana kisa, wakasimama, wakajaribu, wakakosoana, na maneno yakazaliwa katika kujaribu kwenyewe. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwashuhudia mwaka 1986 wakiujenga mchezo mzima kwa namna hiyo, akaandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1990. Hata Baloji, mzaliwa wa mji huu aliyetuzwa Cannes mwaka 2023 kwa filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, hakupita shule ya filamu. Alijifunza kwa filamu fupi alizozitanguliza.

Basi nawasihi walimu wasimpe mwanafunzi cheti kabla hajamaliza filamu moja, hata iwe ya dakika tatu, na kuionyesha kwa watu wale wale aliowapiga picha, akisimama hapo kuwasikiliza. Na wewe msomaji, vijana wakibisha hodi kwako wakiomba ruhusa ya kupiga picha uani, wafungulie mlango, na lile jenereta uwazimie kwa nusu saa.