Si Kila Nakala ni Nakala

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi ambaye riziki yangu ni kuwafunza vijana sayansi ya lugha nilijikwaa ulimi kwa neno moja tu, tena neno la kila siku: nakala. Kujikwaa huko kulinigharimu, mimi pamoja na wanafunzi wangu, kazi ya miezi minane. Siandiki leo ili kulalama. Naandika kwa kuwa kosa hilo laweza kumpata mwalimu au mwanafunzi yeyote ambaye kazi yake imo katika kompyuta, na kwa kuwa dawa yake ipo na si ghali.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulikuwa tumerekodi masimulizi ya wazee kumi na mmoja wasemao Kivumba, kule pwani ya kusini, pande za Vanga na Wasini. Rekodi hizo, pamoja na maandishi tuliyoyanukuu neno kwa neno, tuliziweka katika kompyuta pepe iliyokuwa kwenye seva moja. Kwa msomaji ambaye hajakutana na kitu hiki, kompyuta pepe haina bati wala waya. Ni programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta nyingine. Ina mfumo wake, ina watumiaji wake, na ina diski yake. Diski hiyo nayo haishikiki kwa mkono. Ni faili moja kubwa iliyolala ndani ya diski ya kweli, na ukiinakili faili hiyo, umeinakili kompyuta nzima na vyote vilivyomo.

Kabla ya likizo nilimwendea fundi wetu, kijana mwadilifu na mwenye bidii, nikamwambia, "Bwana, tafadhali nitolee nakala ya mashine ile, tusije tukajuta."

"Hapana neno, Daktari," alinijibu. "Kabla ya saa kumi itakuwa tayari."

Na kweli ilikuwa tayari. Majuma mawili baadaye, nafasi katika seva ilipokuwa finyu, fundi mwingine aliifuta diski ya zamani. Aliona nakala ipo, akaona haina haja ya kuweka mbili. Tuliporudi kutoka likizo tuliiwasha ile nakala, nayo ikakataa kuamka. Ilikuwa ikimtafuta mamaye.

Fundi wa kwanza hakukosea, wala wa pili. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo yule wa kwanza alitengeneza nakala isiyo na mwili kamili: faili ndogo inayoandika ndani yake yale yanayobadilika tu, na kwa kila kitu kisichobadilika humrejea mzazi. Kwa lugha ya mafundi hiyo pia ni nakala. Kwa lugha yangu mimi niliyeiagiza, haikuwa nakala hata kidogo. Tulisema neno moja, kila mtu akasikia jambo lake. Rekodi nane tulizipata tena kutoka kwa wanafunzi waliokuwa wamejiwekea. Tatu hazikupatikana, na mmoja wa wazee hao watatu alikuwa ameaga dunia. Sauti yake hatutaisikia tena.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo: je, mwanaisimu mzima ataagizaje kitu kwa neno ambalo hajalipima?

Tulitazame basi neno lenyewe. Nakala limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuhamisha kitu kutoka pahali pamoja hadi pengine. Sisi tumelitumia kwa mambo mengi. Twasema nakala ya gazeti, tukimaanisha gazeti moja miongoni mwa maelfu yaliyo sawa, ambayo hakuna hata moja linalomtegemea mwenzake. Twasema nakala ya cheti, tukimaanisha karatasi iliyotoka kwenye mashine ya fotokopi. Lakini hapo ofisini karani hakubali neno tupu. Atakuuliza, "Imethibitishwa?" Kama haina muhuri wa wakili, hurudishwi tu bali huaibishwa mbele ya foleni. Yaani katika mambo ya vyeti, jamii yetu ilikwisha tambua zamani kwamba nakala zina daraja, nayo ikaweka vivumishi vya kuzitofautisha. Katika kompyuta tumebaki na nomino uchi.

Ajabu ni kwamba vyombo vyenyewe vinajua tofauti hizo. Chukua mfano wa qemu-img, chombo kidogo cha kuamrishwa kwa maandishi, kilicho sehemu ya QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Mtumiaji haguzi picha wala kitufe. Huandika amri, kisha huongeza machaguo yanayotanguliwa na kistari. Kwa -f anataja umbo la diski anayonakili. Kwa -O anataja umbo la ile itakayozaliwa. Kwa -c anaomba ibanwe. Kwa -p anaomba aonyeshwe kazi imefika wapi. Asiposema lolote juu ya diski ya msingi, amri ya convert humpa nakala kamili, yenye kujitegemea. Akitaka ile inayomtegemea mzazi, sharti amtaje mzazi huyo.

Mwanafunzi wa isimu akiitazama amri kama hiyo atatabasamu. Sisi tunapolichanganua neno aliwapikia huandika a-li-wa-pik-i-a, kila mofimu na kistari chake. Kiini ni kupika, lakini ni viambishi vinavyotueleza nani, lini, na kwa ajili ya nani. Amri ya kompyuta imejengwa vivyo hivyo: kitenzi katikati, na vistari vinavyoeleza namna. Anayesema "nakili" akanyamaza amesema mzizi mtupu, akamwachia msikizaji abuni yaliyosalia.

Na kubuni huko kuna hatari ambayo hata wajenzi wa chombo hicho waliiona. Kwa miaka mingi mtumiaji wa qemu-img aliweza kutengeneza diski tegemezi kwa kumtaja mzazi kwa -b bila ya kusema mzazi ana umbo gani. Chombo kilijikisia chenyewe. Lakini diski iliyo ghafi, isiyo na umbo maalum, yaweza kuandikwa mwanzoni mwake alama za kujifanya umbo jingine, na mwenye hila aliye ndani ya kompyuta pepe akapata upenyo wa kusoma mafaili ya kompyuta mwenyeji. Toleo la 5.1 la mwaka 2020 lilihesabu desturi hiyo kuwa imepitwa na wakati, na toleo la 6.1 la mwaka 2021 likaikataa katakata: taja umbo la mzazi kwa -F, la sivyo amri haitekelezwi. Watu walinung'unika, kwa sababu maandishi yao ya zamani yaliacha kufanya kazi. Mimi nasema walitendewa wema. Chombo kiliacha kukisia, kikaanza kuuliza.

Huo ndio msimamo wangu. Kila chombo cha kuamrishia kompyuta pepe chenye uwezo wa kunakili diski kiongezewe machaguo yanayomwezesha mtumiaji kusema anataka nakala ya aina gani. Asiposema, apewe ile kamili, na ile yenye hatari isitolewe kimyakimya.

Aina zenyewe si nyingi. Ya kwanza ni nakala kamili, iliyo kama pingili ya muhogo: ukiichomeka ardhini huota mizizi yake, hata shina la kwanza likiungua. Ya pili ni nakala tegemezi, iliyo kama kirukia juu ya mwembe: ni kijani kibichi mradi mwembe umesimama, na siku mwembe ukikatwa nacho kimekwisha. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ya tatu ni nakala shirika, ambayo mifumo kadhaa ya kuhifadhi mafaili huiruhusu: faili mbili hutumia sehemu zile zile za diski mpaka mojawapo ibadilishwe. Hapa ukimfuta mmoja mwenziwe hadhuriki, lakini sehemu hiyo ya diski ikiharibika wote wawili wameumia. Tangu toleo la 9.0 la mwaka 2021, hata cp ya GNU, amri ya kawaida kabisa ya kunakili mafaili, hujaribu kwanza njia hiyo pale inapowezekana. Kwa hiyo mwalimu anayedhani ana matokeo ya mitihani mara mbili huenda anayo mara moja, chini ya majina mawili.

Kuna pia suala la utambulisho. Nakala iliyo sawa mno na asili yake huleta fujo, kama wanafunzi wawili wenye nambari moja ya usajili. Chombo kiitwacho virt-clone huipa mashine mpya jina jipya na anwani mpya ya kadi ya mtandao, lakini jina ambalo mfumo ulio ndani hujiita huliacha lilivyo. Asiyejua hilo atashangaa mashine mbili zikiitikia jina moja darasani.

Najua nitakayojibiwa. Wapo watakaosema kwamba nakala tegemezi ni baraka, na hawakosei. Tuseme chuo kina wanafunzi arubaini, na kila mmoja anahitaji kompyuta pepe ya gigabaiti 20. Ukiwapa wote nakala kamili unahitaji gigabaiti 800. Ukiwawekea mzazi mmoja wa gigabaiti 20 na watoto arubaini wanaoandika mabadiliko tu, huenda usitumie hata robo ya nafasi hiyo. Katika vyuo vyetu, ambako ombi la kununua diski huzunguka meza kwa meza hadi likasahaulika, hilo si jambo dogo. Kwa hivyo siombi nakala tegemezi ipigwe marufuku. Naomba iitwe kwa jina lake, ili anayeipokea ajue ana mzazi wa kumtunza.

Wengine watasema machaguo yakizidi humchanganya mtumiaji, na kwamba ni afadhali chombo kimwamulie. Hoja hii ina uzito; nimeona kurasa za maelezo zenye machaguo mengi hata mtu akakata tamaa. Lakini tofauti ninazozidai zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kila moja ina matokeo ambayo mtumiaji atayabeba mwenyewe. Jambo ambalo likikosewa halirekebishiki halifai kuamuliwa gizani. Lugha yetu nayo ina viambishi vingi, na mtoto wa miaka minne huvitumia bila kuchanganyikiwa, kwa sababu kila kimoja kina kazi anayoiona.

Lakini wajenzi wa vyombo wako mbali, na sisi tuko hapa. Je, upande wetu tufanye nini?

Kwanza, walimu wa kompyuta na walimu wa Kiswahili wakae meza moja. Istilahi haizaliwi na kamusi pekee. Huzaliwa darasani, pale mwalimu anapolazimika kueleza jambo kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa. Tuyatumie maneno nakala kamili na nakala tegemezi katika mafunzo, katika mitihani na katika barua za ofisi. Kama yupo mwenye maneno bora, ayatoe. Na neno nakala rudufu, ambalo simu zetu hulitumia kwa kile kinachowekwa akiba dhidi ya maafa, tulitunze kwa maana hiyo tu. Nakala isiyoweza kuishi bila ya asili yake haistahili jina hilo.

Pili, mwanafunzi ajizoeze kuuliza ukoo wa diski yake. Qemu-img ina amri ya info, na ukiiongezea --backing-chain itakutajia mzazi, babu na mababu wote. Ni amri ya dakika moja. Akigundua kwamba nakala yake ingali inanyonya, yupo wa kuiachisha: amri ya rebase, akiipa mzazi mtupu, hukusanya yote yaliyo kwa mzazi na kuyaweka ndani ya mtoto. Hapo ndipo mzazi aweza kufutwa kwa amani. Laiti yule fundi wa pili angeuliza ukoo kabla ya kufuta! Laiti mimi ningeuliza kabla ya kushukuru!

Tatu, nasi wenye kuagiza tujifunze kuagiza. Siku hizi sisemi tena "nitolee nakala". Nasema, "Nitolee nakala kamili, katika diski nyingine, kisha uifungue mbele yangu." Yule fundi kijana alicheka mara ya kwanza aliponisikia.

"Daktari, sasa unazungumza kama amri," aliniambia.

"Ndiyo," nilimjibu, "nimeongeza machaguo."

Mwaka huu tumerudi Vanga kurekodi upya kwa wazee wawili walio hai. Walitupokea kwa ukarimu, wakatusimulia tena bila ya manung'uniko, ingawa masimulizi ya mara ya pili hayawi kamwe yale ya kwanza. Kwa yule wa tatu tulikwenda kutoa pole tu. Mwanawe alituuliza kama sauti ya babake tunayo, maana alikumbuka tulikuwa na nakala. Nilikosa la kumjibu.