Mstari wa kompyuta usituuzie mbuzi kwenye gunia

Imekuwa kawaida kwa wafanyabiashara na wawekezaji wadogo kuingiza bei za wiki kadhaa katika programu ya Excel, kuchora grafu, kisha kuiagiza kompyuta iweke mstari wa mwelekeo. Mstari unaovutia macho zaidi ni ule wa polinomia, yaani mstari uliopinda, ambao mtumiaji huchagua kipeo chake kuanzia 2 hadi 6. Kadiri kipeo kinavyopanda, ndivyo mstari unavyozikaribia alama za bei, na kipimo cha ulinganifu huo, R mraba, husogea kwenye 1. Hapo ndipo penye mtego.

Tuchukue mfano wa gunia la mahindi ambalo bei yake kwa wiki saba ni Sh. 100,000, 104,000, 101,000, 105,000, 103,000, 107,000 na 104,000. Macho tu yanatosha kuonyesha kuwa bei inapanda polepole huku ikiyumba. Mstari ulionyooka unakadiria wiki ya nane kuwa takriban Sh. 106,300, ingawa R mraba yake ni 0.42 tu. Polinomia ya kipeo cha 6 inapita katika alama zote saba, na R mraba yake ni 1 kamili. Lakini ukiirefusha hadi wiki ya nane, inatoa bei ya Sh. 96,000 chini ya sifuri. Maana yake mwenye mahindi akupe gunia na fedha juu!

Sababu yake ni kwamba mlinganyo wenye namba saba za kurekebisha lazima uziguse alama saba, hata kama bei zimeokotwa ovyo. Haujalijua soko, umekariri tu. Ukitoka nje ya takwimu, 8 kwa kipeo cha 6 ni 262,144, hivyo hesabu inaruka vibaya.

Wakubwa nao hawajasalimika. Mei 5, 2020, Baraza la Washauri wa Uchumi la Ikulu ya Marekani lilitoa grafu ya vifo vya Covid-19 yenye mkunjo wa kipeo cha 3 ulioshuka hadi karibu sifuri katikati ya mwezi huo. Kabla ya Mei kwisha, jumla ya vifo nchini humo ilipita 100,000.

Hata hivyo, polinomia si haramu. Kipeo cha 2 chaweza kufaa kuonyesha umbo la bei zilizokwishapita, mfano kushuka wakati wa mavuno na kupanda baadaye. Tunachopinga ni kuufanya mkunjo huo kuwa utabiri.

Anayetaka kukopa anunue mzigo kwa kutegemea mstari, kwanza afiche bei za wiki mbili za mwisho, achore kwa zilizobaki, kisha aone kama mstari unazifikia. Aidha, aulize habari za mvua, mavuno na nauli za malori. Hayo ndiyo yanayopandisha na kushusha bei, si kipeo.